Ganeti ya Kijani ya Tsavo, na Watu Wapendao Jiwe Lisilokatwa

Katika nyumba ya makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington huko Marekani, limewekwa tangu mwaka 2023 jiwe moja la kijani lenye uzito wa karati 116.76. Jina lake ni Simba wa Merelani. Jiwe hilo lilichimbwa mwaka 2017 katika vilima vya Merelani, kaskazini mwa Tanzania, na kabla ya kukatwa lilikuwa na uzito wa karati 283. Fundi aliyelikata alilitia nyuso 177, kila uso ukipokea nuru na kuirudisha. Ni tsavoriti, yaani ganeti ya kijani, nalo ni ndugu wa mawe yale yanayochimbwa hapa kwetu Kenya katika nchi ya Taita.

Wengi walitazamapo hustaajabu kwa uzuri wake. Lakini wapo watu wengine, nao ni wapenda mawe vile vile, ambao wakioneshwa kito cha namna hiyo swali lao la kwanza ni hili: "Lilikuwaje kabla ya kukatwa?" Hawaulizi kwa kejeli. Karati 283 zikipungua hata kufika 116, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya jiwe imekuwa vumbi katika gurudumu la fundi, na vumbi hilo halirudi. Watu hao ndio wakusanyaji wa vielelezo vya madini, na makala haya yataeleza wanatafuta nini, na kwa nini mchimbaji wa Mwatate au Kasigau ana haja ya kuwajua.

Kwanza yafaa kulieleza jiwe lenyewe. Jamaa ya ganeti ni kubwa. Wengi hudhani kwamba ganeti ni jiwe jekundu tu, na ni kweli kwamba nyingi ni nyekundu kama punje za komamanga. Hata jina lake latokana na jina la tunda hilo katika Kilatini. Lakini zipo ganeti za rangi ya chungwa, za manjano, za kahawia, na hata zisizo na rangi yo yote. Tsavoriti ni ya kabila liitwalo grosula, ambalo limeundwa kwa kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni. Grosula iliyo safi kabisa haina rangi. Kinachoipa tsavoriti kijani chake ni kiasi kidogo sana cha madini ya vanadi, na pengine kromi, yaliyojipenyeza ndani yake wakati lilipokuwa likiumbika.

Watu huilinganisha na zumaridi kwa sababu ya rangi, lakini mawe haya mawili si ndugu. Tsavoriti huvunja nuru kwa nguvu zaidi kuliko zumaridi, na kwa hiyo ikikatwa vizuri hung'aa zaidi. Tena zumaridi nyingi zina nyufa, na desturi ya biashara tangu zamani ni kuzitia mafuta ili nyufa zisionekane. Tsavoriti haitiwi mafuta, wala haichomwi motoni kama tanzanaiti ichomwavyo ili rangi yake ya kahawia iondoke na kubaki buluu. Itokavyo ardhini ndivyo iuzwavyo. Jambo hili ni kubwa mbele ya mkusanyaji, kwa maana yeye hataki kitu kilichotiwa mkono wa mtu.

Ama asili yake, wataalamu wa miamba hueleza kwamba mahali palipo na vilima vya Taita leo palikuwa zamani sana na bahari. Chini ya bahari hiyo lilikusanyika tope jeusi lenye mabaki ya viumbe vidogo, na ndani ya tope hilo mlikuwamo vanadi. Kisha, yapata miaka milioni 600 iliyopita, vipande vikubwa vya nchi kavu vilisukumana, bahari ikafungwa, na lile tope likafukiwa chini sana, likabanwa na kupata joto kali hata likageuka kuwa mwamba. Mabaki ya vile viumbe yakawa kinywe, yaani yale madini meusi laini yatengenezwayo kalamu za risasi. Kalsiamu na alumini na vanadi vikakutana, ganeti ya kijani ikazaliwa. Ukanda huo wa miamba iliyobanwa huanzia kusini, Msumbiji, hupita Tanzania na Kenya, na kuendelea kaskazini. Hata Madagaska inayo sehemu yake, nako tsavoriti hupatikana. Mchimbaji wa Taita akiona mwamba wenye kinywe hufurahi kwa sababu hiyo, ajapokuwa hajapata kusoma neno moja la elimu ya miamba.

Historia ya kugunduliwa kwake ni ya jana tu. Mtu aliyeitambulisha kwa ulimwengu ni Campbell Bridges, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa Scotland. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1961, akiwa katika kazi ya kutafuta madini katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alishambuliwa na nyati, akajitupa katika korongo ili kuokoa nafsi yake. Alipokuwa akingoja nyati aondoke aliona ukutani mwa korongo vipande vya kijani vinavyometa. Hakuweza kuvifuata wakati ule. Mwaka 1967 aliyakuta mawe ya namna ile ile kaskazini mwa Tanzania, karibu na kijiji cha Komolo, lakini hakupata ruhusa ya kuyatoa nchini.

Hapo ndipo elimu ilipomsaidia. Bridges aliwaza kwamba mwamba haujui mpaka wa nchi. Kama tabaka lile linaelekea kaskazini na mashariki, basi lazima litaonekana tena upande wa Kenya. Akalifuata, na mwaka 1970 akaipata ganeti ya kijani katika nchi ya Taita, karibu na mbuga ya Tsavo. Mwaka uliofuata aliandikisha haki yake ya kuchimba. Siku zile aliishi katika nyumba iliyojengwa juu ya mti kwa kuogopa wanyama, na husimuliwa kwamba alifuga chatu pale alipoweka mawe yake, ili wezi wasijaribu. (Sanduku la chuma lingefaa pia, lakini twaamini chatu alikuwa na heshima zaidi.) Jina la tsavoriti lilitolewa kwa ajili ya Tsavo, na mwaka 1974 duka kubwa la vito la Tiffany, la New York, likaanza kuitangaza Marekani. Kabla ya hapo walioijua walikuwa wataalamu wachache. Bridges mwenyewe hakufa kifo chema: mwezi wa Agosti 2009, akiwa na umri wa miaka 71, alishambuliwa na kundi la watu karibu na machimbo yake huko Taita-Taveta, akauawa, na chanzo kilikuwa ugomvi wa haki za kuchimba.

Sasa turudi kwa wakusanyaji. Ili kuwaelewa ni lazima kujua kwamba tsavoriti hutoka ardhini kwa sura mbili zilizo mbali kabisa.

Katika Taita, nyingi hutoka kama viazi. Mchimbaji hupasua mwamba akakuta bonge la mviringo, lenye ganda la jiwe jingine nje, na ndani yake kijani kilichopasukapasuka. Ardhi ilipoinuka kutoka kule chini mgandamizo ulibadilika, na jiwe likavunjika papo hapo lilipokaa. Mchimbaji huondoa ganda, hutenga vipande vilivyo safi, na hivyo ndivyo vinavyokwenda kwa mkataji. Kwa sababu hiyo kito cha tsavoriti kilichokatwa chenye kuzidi karati 2 ni adimu, na kinachozidi karati 5 ni adimu sana. Kumbuka kwamba karati 5 ni gramu moja tu.

Katika Merelani mambo ni mengine. Huko watu huchimba hasa kwa kutafuta tanzanaiti, na tsavoriti huipata njiani. Mwamba wa Merelani una mianya kama mifuko, na katika mifuko hiyo jiwe lilipata nafasi ya kukua bila kubanwa. Likipata nafasi hiyo, huwa fuwele kamili. Msomaji aliyepata kutazama chumvi ya mawe kwa karibu ameona jinsi punje zake zilivyo na pande sita sawasawa kama masanduku madogo; hilo halikufanywa na mtu, ni tabia ya chumvi. Ganeti nayo ina tabia yake. Huwa na nyuso 12, kila moja kama umbo la almasi ya karata, au nyuso 24, au mchanganyiko wa hizo mbili, na nyuso hizo hung'aa kana kwamba zimepigwa msasa. Fundi wa vito ana haki ya kujisifu kwa nyuso 177 za Simba wa Merelani, lakini hizi 12 hazikuwa na fundi.

Fuwele ya namna hiyo, ya kijani kibichi, ikiwa imekaa juu ya kinywe cheusi au juu ya jiwe jeupe la chokaa, ndiyo mkusanyaji anayoiota usiku. Anataka mambo kadhaa kwa pamoja. Anataka nyuso ziwe kamili, zisiwe na pembe iliyomeguka. Anataka mng'ao. Anataka rangi, ndiyo, lakini rangi peke yake haimtoshi. Zaidi ya yote anapenda kuiona fuwele ikiwa bado imekaa katika mwamba wake, maana hapo kielelezo huonesha jinsi kilivyozaliwa. Fuwele iliyong'olewa bado ina thamani. Iliyo katika mwamba wake, bila kugunduliwa ufa wala gundi, ina thamani nyingi zaidi.

Wala asidhani mtu kwamba wanataka mawe makubwa tu. Wakusanyaji wamejigawa kwa ukubwa wa vielelezo. Wako wanaokusanya vipande visivyozidi inchi moja kila upande, vyenye kuingia katika kijisanduku kidogo cha kioo, na hao ni wengi kwa sababu nyumba zao si kubwa na mifuko yao vivyo hivyo. Wako hata wanaokusanya vilivyo vidogo kiasi cha kuonekana kwa darubini tu. Hukutana katika masoko yao makubwa, ambako mawe hutandazwa mezani kama vile sisi tutandazavyo machungwa. Lililo kubwa kuliko yote hufanywa kila Februari mjini Tucson, Arizona, nalo lilianza mwaka 1955. Ujerumani lipo la München mwezi wa Oktoba, na Ufaransa lipo la Sainte-Marie-aux-Mines, mji wa kale wa migodi, mwezi wa Juni. Watu huko hubishana juu ya uso mmoja wa fuwele kama wenzetu wabishanavyo juu ya mpira.

Labda msomaji atauliza, mambo haya yamhusu nini yeye? Yamhusu sana ikiwa anashika nyundo. Mkataji wa vito humlipa mchimbaji kwa uzito wa sehemu safi. Kwa hiyo mchimbaji, akipata jiwe, amezoea kulipigapiga nje ili kuondoa uchafu na nyufa, abakiwe na kile kilicho safi. Kwa bonge la kiazi hili ni jambo la haki, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kwa fuwele ni hasara tupu. Mkusanyaji hesabu zake ni kinyume: jiwe ambalo mkataji angelitupa kwa sababu lina nyufa ndani, yeye atalinunua kwa furaha ikiwa nyuso za nje ni nzima. Na jiwe ambalo mkataji angelipenda kwa usafi wake wa ndani, yeye huenda akalipa bei kuishinda ya mkataji ikiwa halijaguswa. Pigo moja la nyundo, la kujaribu tu, linaweza kuliondoa jiwe katika meza ya mkusanyaji na kulirudisha katika mizani ya mkataji. Na mchimbaji aliyepiga pigo hilo hatajua alichopoteza, maana dalali hatamwambia. Kwa maoni yetu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika machimbo, kwa kuwa yatokea kimya kimya na haiandikwi katika daftari lo lote.

Basi kabla ya kulipiga jiwe, litazame. Lishike juani, uligeuze polepole. Mahali palipovunjika huwa na mpindo, kama chupa iliyovunjika ionekanavyo. Uso wa fuwele ni bapa, hung'aa mara moja wote kwa pamoja kama dirisha la mbali lipigwapo na jua la jioni, na ukiendelea kugeuza utaona uso mwingine ukiwaka kwa pembe ile ile, na mwingine tena. Ukiona hivyo, weka nyundo chini. Ikiwa fuwele imo bado ukutani mwa mgodi, usiing'oe kwa tindo kwa kuigonga pembeni mwake. Kata mwamba kwa mbali, uitoe pamoja na kipande kikubwa cha mwamba, hata kama ni kizito kubeba. Kupunguza mwamba ni kazi inayoweza kufanywa baadaye na mtu mwenye msumeno wa almasi. Kurudisha mwamba haiwezekani. Baruti nayo yapasa iwekwe mbali na mahali palipoonekana mfuko, kwa maana mshindo wake huvunja hata fuwele ambazo hazijaonekana bado.

Kusafisha kuna hatari zake. Maji na brashi laini yatosha kwa siku ya kwanza. Wengine hutumia tindikali kuyeyusha chokaa iliyoifunika fuwele, na ni kweli kwamba chokaa huyeyuka. Lakini tindikali huunguza macho na mapafu, na kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa, mwenye glavu na mahali pa wazi pa kufanyia. Kinywe kisisuguliwe. Mchimbaji hukiona kama masizi yanayochafua mikono, lakini kijani juu ya weusi ule ndicho kinachomfanya mkusanyaji afungue mkoba.

Palipo na fedha wadanganyifu hawakosekani. Upande wa wauzaji, wako wanaochukua fuwele iliyong'oka na kuigandisha kwa gundi juu ya mwamba usio wake, kisha hupaka unga wa kinywe ili kuficha mshono. Mkusanyaji mwenye kioo cha kukuzia huligundua jambo hilo haraka, na jina la muuzaji huyo husambaa kutoka soko hadi soko. Kuunganisha jiwe lililovunjika si kosa, mradi mnunuzi aambiwe. Upande wa pili, wako wauzao vipande vya chupa za kijani kwa watu wasiojua. Kioo ni chepesi kuliko tsavoriti yenye ukubwa ule ule, mara nyingi kina mapovu madogo ya hewa ndani, na jiwe gumu kama kwazi hukikwaruza kwa urahisi, ambapo tsavoriti hushindana nalo. Lakini jaribio la kukwaruza lisifanywe kamwe juu ya fuwele yenye nyuso nzima. Utakuwa umejua jina la jiwe na kuiharibu bei yake kwa tendo moja.

Kwa upande wa sheria, msomaji wa Kenya akumbuke kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka hata mchimbaji mdogo awe na kibali, na kupeleka madini nje ya nchi kwahitaji kibali kingine. Sheria hiyo hiyo iligawa ushuru wa madini: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa wenyeji wa mahali palipochimbwa. Jiwe litorokalo usiku halilipi ushuru huo, na mgao wa wenyeji hupotea pamoja nalo. Huko Merelani serikali ya Tanzania ilijenga ukuta wa kuzunguka machimbo, uliofunguliwa mwaka 2018, kwa sababu ya utoro wa namna hiyo.

Na kuna jambo lingine ambalo halihitaji fedha wala chombo, nalo ni kikaratasi. Mkusanyaji hununua jiwe pamoja na habari zake. Jiwe zuri lisilojulikana lilikotoka humtia mashaka, naye hulipa kidogo au huliacha. Kwa hiyo siku ile ile jiwe litokapo, andika mahali lilipochimbwa, jina la mgodi, kina cha shimo, na tarehe. Andika kwa wino usiofutika kwa maji, ukunje karatasi, uifunge na jiwe katika kitambaa laini au pamba, kila jiwe peke yake, maana ganeti mbili zikigongana mfukoni humegua pembe za mwenzake. Mtu atakayelinunua ataandika jina lake chini ya hapo, na atakayemfuata vivyo hivyo. Katika makumbusho ya Ulaya viko vielelezo ambavyo vikaratasi vyake vimetunzwa zaidi ya miaka mia, kimoja juu ya kingine, na cha chini kabisa, kilichofifia, ndicho kinachotaja shimo.